Siku Mama Mweusi Alipogoma Kuvuka

Watu wa Shimuldi ni hodari wa kusahau wanachotaka kusahau. Waulize leo ni nani aliyekuwa akimpa Bhabatosh kiti cha mbele kwenye kila sherehe, na kila mmoja atakuonyesha nyumba ya jirani. Lakini habari hii si ya Bhabatosh. Huyo ameshakula sifa za kutosha. Hii ni habari ya Taru, binti wa Gokul mcheza miungu, na ya Jaba dada yake.

Gokul alirithi kazi kwa baba yake, kazi ya kujipaka rangi na kuwa mwingine. Leo ni Shiva, majivu mwili mzima na nyoka wa mpira shingoni. Kesho ni Hanuman mwenye mkia wa katani. Keshokutwa ni Kali, Mama Mweusi, mwenye mikono minne, miwili ya nyama na miwili ya mbao. Alizunguka vijijini na njuga miguuni, kina mama wakamtilia mchele na dengu mfukoni. Ungemwona asubuhi amechuchumaa anakula kiporo cha wali na pilipili mbichi, usingeamini kwamba mchana watu wazima wataigusa miguu yake. Kwetu ndivyo ilivyo. Rangi ikishakaa usoni, mtu hayupo tena. Yupo yule aliyechorwa. Humwiti kwa jina lake, humtanii, humkumbushi ugomvi wa jana. Na Mama Mweusi hasemi kitu, maana meno yake yamebana ulimi wa bati, mwekundu, unaoning'inia mpaka kidevuni. Hadi akaoge bwawani, kinywa chake si chake.

Gokul alikuwa na mabinti wawili, na wote wawili walikuwa weusi tii. Kwetu binti mweusi huitwa Kelti, na akiitwa hivyo anatakiwa acheke. Tunamwinamia Mama Mweusi hekaluni, tunamvika maua mekundu, tunalia mbele yake kama watoto wa kunyonya. Kisha tunarudi nyumbani kumtafutia kijana wetu mke mweupe kama maziwa. Aibu hatuna. Taru, yule mdogo, alikuwa akilia akiitwa Kelti. Jaba hakulia wala hakucheka. Jaba alikuwa na mdomo.

"We Kelti, usisimame gizani, tutakukanyaga!" jirani mmoja alimpigia kelele jioni moja.

"Nikanyage, mama mdogo," Jaba akajibu, "halafu uone kama huo mguu utarudi nao nyumbani."

Taru alimpenda dada yake kupita kiasi. Walilala mkeka mmoja, na usiku wa mvua Jaba alimwekea mikono masikioni asisikie radi. Alimwambia kwamba siku akiolewa atamchukua waende wote, bwana akitaka asitake. Taru aliliamini hilo kama tunavyoamini jua litatoka.

Basi akaja Bhabatosh. Alikuwa mtu wa Kantapukur, ng'ambo ya mashamba, mwenye viazi vingi na sauti kubwa, na alikuwa akimtafutia mwanawe mchumba. Alikuja jioni, kwa mwanga wa taa ya chemli, na kabla hajafika shangazi yao Khanto alikuwa ameshampaka Jaba poda mpaka shingoni. Si udanganyifu mkubwa huo; hakuna nyumba isiyofanya. Wakamfumua nywele wakaona urefu, wakamtembeza wakaona hachechemei, wakampa gazeti akalisoma bila kukwama. Bhabatosh akala vitamu vya maziwa, akafuta masharubu, akasema, "Tumempenda."

Ndoa ilipangiwa saa ya magharibi, wakati ng'ombe wanaporudi na vumbi lao, saa ambayo makuhani huihesabu kuwa njema. Bwana harusi alikuwa ameshaketi. Jaba aliletwa amejifunika sari nyekundu, na nyuma yake Taru kashika sinia la maua. Ilikuwa imebaki baba mkwe ambariki bibi harusi. Bhabatosh alimwinua kidevu kwa kidole, akatazama. Akaagiza taa isogezwe. Kisha akakivuta kitambaa chake cha begani, akakichovya kwenye chungu cha maji matakatifu, akamsugua Jaba shavu mbele ya watu wote.

Akakiinua kile kitambaa juu, kila mtu auone ule unga mweupe.

"Nimekuja kuchukua mke," alisema, "kumbe nauziwa chungu kilichopakwa chokaa!"

"Ndugu yangu, binti ni yuleyule uliyempenda," Gokul akasema. "Rangi haipiki wala hailei."

"Hekaluni mweusi ni mama. Kwangu mweusi ni masizi. Inuka, mwanangu, twende zetu."

Taru aliona yote, akiwa amejibana chini ya kiwiko cha dada yake. Alimwona baba yake akimkimbilia yule mtu na kumshika miguu. Aliwaona wageni, ambao samaki wa karamu alikuwa bado anawanukia vidoleni, wakitazama juu, wakitazama kando, wakikohoa. Hakuna aliyesimama njiani. Bhabatosh alimkwepa Gokul kama unavyokwepa tope, akapita na mwanawe na wapiga tarumbeta wake.

Kwetu binti ambaye saa yake imempita akiwa ndani ya sari nyekundu, basi tena. Hatoposwa, na mdogo wake naye kaingia kwenye nuksi hiyohiyo. Jaba alikaa palepale alipokuwa amekalishwa, akakataa kuvuliwa hata bangili. Kulipopambazuka walimkuta bwawani.

Ungedhani yameishia hapo. Yangeishia hapo, Taru angekuwa mtu mwingine. Lakini kifo cha Jaba kiliwafanya watu wa Kantapukur waanze kumtazama Bhabatosh vibaya, na wengine walinong'ona habari za polisi. Yule bwana akaenda kuketi kwenye kibanda cha chai, akaagiza chai, akashusha pumzi kama mtu mwenye huruma nyingi.

"Jamani, mimi nilitaka kumsitiri yule mtoto," akasema. "Niliambiwa njiani kwamba ana mimba. Sasa ningesema nini mbele ya kadamnasi? Nikasema rangi, nisiseme tumbo. Nimebeba lawama kwa ajili yake."

Uongo ule ulikuwa mtamu, na ulikuwa mtamu kwa sababu ulimtua kila mtu mzigo. Wale waliokula samaki wakakaa kimya sasa walikuwa na cha kusema. Kumbe! Ndiyo maana! Na yeye na mdomo wake ule! Haukupita muda, hata wale waliomjua Jaba tangu anatambaa walikumbuka kwamba siku moja walimwona mahali na mtu. Mama yao aliyasikia bwawani, akaacha kwenda kuchota maji mchana, akaacha kula, akafa bila ugonjwa wenye jina. Taru alimuuliza baba yake, "Baba, dada alikuwa na mimba?" Gokul alimzaba kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwake, kisha akakaa chini akalia kwa sauti.

Taru hakulia. Tangu siku ile alikuwa na kitu kimoja tu anachokitaka duniani. Alitaka maneno yale yarudi kwenye kinywa kilichoyatoa, na yatoke tena kwa sauti ileile kubwa, mbele ya watu walewale, yakiwa kweli. Hakutaka pole ya mtu. Wala hakutaka kumwachia Mungu, kama shangazi Khanto alivyokuwa akimshauri. "Mungu ana kazi nyingi, shangazi," alimwambia. "Hii nimpunguzie." Mwenye kovu usidhani kapoa.

Akakua. Mchumba hakuja, kama ilivyotazamiwa. Goti la Gokul lilipogoma kabisa, na mtoto wa kiume hakuna, Taru aliuchukua ule ulimi wa bati, akauosha kwa majivu, akaubana kwenye meno. Kuhani wa hekalu alikuja juu: mwanamke tangu lini akamcheza Kali? Alijibiwa na bibi kizee mmoja aliyekuwa akipita na kapu la samadi. "Kwani huyo Kali," akauliza, "ni mwanamume?" Watu wakacheka mpaka kuhani akaona bora aende akaendelee na mambo yake.

Na alijua kumcheza, jamani. Gokul alikuwa akimcheza Kali kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi. Taru alitoka nyumbani amejipaka masizi ya taa na mafuta, macho yamezungushiwa nyekundu, kamba ya vichwa vya udongo ikigongana kifuani, na mbwa wakaingia uvunguni. Hakuwa na haja ya masizi mengi. "Mimi Mama amenirahisishia," alikuwa akisema.

Miezi isiyo na sikukuu, akishaoga na kuwa Taru tena, alikaa na kina mama barazani wakisokota sigara za majani, na wao wakamwomba awasimulie. Hapo ndipo alipomtengeneza Kali wake mwenyewe, asiyekuwa katika kitabu cha kuhani yeyote.

"Hakuwa mungu," alianza hivyo kila mara. "Alikuwa binti wa mchoma mkaa, anaitwa Kelti."

"Alaa!" kina mama wakaitikia. "Wa wapi?"

"Wa hapahapa. Alikuwa na nywele mpaka magotini, hajui kuzifunga. Wakaja watu kumtazama, wakala vitamu vya baba yake, wakaondoka. Wakaja wengine, wakala, wakaondoka. Vitamu vikaisha, mchumba hakuna."

"Hao hao! Nawajua!" akadakia mmoja, na wenzake wakaangua kicheko.

"Basi likatokea jitu, Roktobij. Jitu hilo ukilikata, kila tone la damu likigusa ardhi linaota jitu jingine, sura ileile, mdomo uleule. Wakaja mashujaa wenye ngozi nyeupe na mataji, wakakata, wakakata, na kila wakikata wanaliongeza. Nchi nzima ikajaa Roktobij. Unamkuta sokoni, unamkuta kwenye kibanda cha chai, kaagiza chai."

Hapo kina mama walitazamana, maana hawakuwa wajinga.

"Wakamkumbuka Kelti. Wakaja kwa baba yake wamejiinamia. Kelti akawauliza, mnataka mke? Wakasema hapana, tunataka msaada. Akasema haya, nishikieni nywele. Akatoa ulimi, akautandika chini ukaenea shamba zima, akamkata Roktobij, na hakuna tone lililofika ardhini. Akanywa mpaka jitu likawa ngozi tupu."

"Lakini sisi tumefundishwa," akasema Khanto, ambaye alizeeka bila kuacha kubisha, "Mama aling'ata ulimi kwa haya, kwa sababu alimkanyaga mumewe bila kujua. Ndiyo maana na sisi tukikosea tunang'ata ulimi."

"Haya ya nini, shangazi? Ulimi ulitoka kazini. Mume kama alikuwa amelala chini wakati mke anapigana, shauri yake."

Kuhani alizipata habari hizo akasema ni kufuru. Kina mama walizidi kuja. Kelti wa Taru akawa na visa chungu nzima: siku alipomfuata mwizi wa mahari mpaka chini ya kitanda, siku alipomlia hakimu meza. Watoto wa kike weusi wa Shimuldi walianza kuitika wakiitwa Kelti, kwa kidevu juu. Lakini Taru mwenyewe hakushiba hadithi. Hadithi hazikumfikia Bhabatosh. Alikuwa mnene, tajiri, na mwenyekiti wa kamati ya sikukuu.

Sikukuu yenyewe ni Gajan, mwishoni mwa mwezi wa Choitro, jua linapochoma mpaka mabwawa yanabaki tope. Vijiji vyetu vyote viwili huiadhimisha pamoja. Siku ya mwisho wenye shida hulala kifudifudi barabarani, mikono mbele, mmoja nyuma ya mwingine mpaka mlango wa hekalu, na Mama Mweusi huwavuka mmoja mmoja. Tasa, mgonjwa, mwenye kesi mahakamani. Akikuvuka, shida yako nayo imevukwa. Ila kuna jambo, na hili tumelikuta. Mama akisimama mbele ya mtu asimvuke, mtu huyo ana neno amelificha. Alitoe, maana mpaka alitoe msafara hausongi, na waliolala nyuma yake hawavukwi. Gokul katika maisha yake yote alisimama mara moja tu, mbele ya mwizi wa ng'ombe, na ng'ombe alirudishwa kabla jua halijatua.

Bhabatosh hakuwahi kulala barabarani. Vumbi ni la watu wadogo. Kila mwaka Taru alitoka amepakwa, na kabla ya kuuvuka mwili wa kwanza aliutazama mstari wote, na kila mwaka yule bwana alikuwa kivulini, kwenye kiti chake.

Mwaka ninaousimulia, alikuwa chini.

Habari zilikuwa zimeshazagaa. Mwanawe, yule aliyeinuliwa kwenye ndoa ya Jaba, alikuwa ameoa mke mweupe kama walivyotaka, na mke mweupe akazaa binti mweusi. Ndiyo dunia. Binti huyo, Mallika, alikuwa sasa mkubwa, mpole, kasoma, na watu walikuwa wakija kumtazama, wanakula vitamu, wanaondoka. Bhabatosh alimpenda mjukuu wake, hilo tusimnyime. Alimpenda mpaka akashuka kwenye kiti, akavua shati, akalala kwenye vumbi la moto ili apatikane mchumba. Mkuki kwa nguruwe.

Utasema hakumjua aliyekuwa ndani ya rangi? Alimjua vizuri. Ila alikuwa mtu wa kwetu, na aliamini tunavyoamini sisi sote, kwamba rangi ikishapakwa Taru hayupo. Hakufikiri kwamba Mama naye anaweza kuwa na dada.

Kanai, mtoto wa Khanto, ndiye aliyekuwa akipiga ngoma. Mama akamvuka mgonjwa wa kifua, akamvuka mjane mwenye kesi ya kiwanja, akamfikia Bhabatosh, akainua mguu. Ukabaki hewani. Kisha akaurudisha chini, akasimama.

Ngoma ikaendelea. Watu wakadhani amechoka. Kanai akabadilisha mdundo, akaurudia, naye hakutikisika. Nyuma ya Bhabatosh alikuwa amelala mwanamke tasa, akainua kichwa.

"Kuna nini huko mbele? Mgongo unaungua!"

"Mama kasimama," watu wakaambiana. "Kasimama kwa mwenyekiti!"

Bhabatosh aligeuza shingo akatazama juu, jasho na vumbi vimemfanya tope usoni. "Mimi sina neno," alisema.

Mama akasimama.

"Sema, mzee," Kanai akamhimiza. "Tutakufa na jua."

"Haya. Nilisogeza tuta la mpaka wa shamba. La Nitai. Kidogo tu."

"Nilijua!" Nitai akaruka kutoka kwenye kundi. "Nilijua, mke wangu akaniita mwendawazimu!"

Watu wakacheka. Mama akasimama.

"Viazi vilivyooza niliviweka katikati ya magunia."

"Hilo tunalijua wote, endelea!"

"Mbuzi wa Subasi. Hakuliwa na mbweha. Nilimla mimi na shemeji yangu."

"Mshenzi wewe!" mjane Subasi akapaza sauti. "Na ukaja kunipa pole! Ukanywa na chai yangu!"

Kicheko kilifika hekaluni. Bhabatosh alitaka kuinuka, lakini anayeinuka kabla ya kuvukwa hujiletea balaa nyumbani, na nyumbani kulikuwa na Mallika. Akajilaza tena. Taru, ndani ya rangi yake, alisikia raha, nisikudanganye. Alimwona yule mtu anajivua nguo moja moja, akatamani jua lisimame. Nyayo zake zilikuwa zinaungua, wala hakuzihisi.

"Chimba chini, mzee," Kanai akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Bado hujafika."

Hapo Bhabatosh alimtazama Mama machoni, akaona. Akafanya kosa ambalo hata mtoto wa kwetu hafanyi.

"Taru, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Yale ni ya zamani."

Watu waliguna. Ngoma ilinyamaza.

"Taru ni nani?" Kanai akauliza. "Hapa pana Taru? Mimi namwona Mama. Nyie mnamwona nani?"

"Mama!" wakaitikia, na walioitikia kwa nguvu walikuwa wale kina mama wa barazani.

Bhabatosh akaweka paji la uso kwenye vumbi. Aliposema, yalitoka kama kitu kilichokwama kooni. "Jaba, binti wa Gokul. Hakuwa na mimba."

"Wa nyuma hatusikii!" akapiga kelele mtu.

"Hakuwa na mimba!" Ilikuwa sasa ile sauti yake kubwa. "Nilibuni mimi! Watu walikuwa wananinyooshea vidole, nikaogopa. Hakuna mtu aliyeniambia kitu njiani. Yule mtoto hakuwa na kosa. Alikuwa mweusi tu."

Hakuna aliyecheka. Waliokula samaki siku ile, wale waliobaki hai, walitazama chini, na safari hii hapakuwa na mahali pengine pa kutazama. Khanto akapiga magoti palepale alipokuwa. "Na mimi nimejilaumu kwa poda yangu maisha yote," akasema huku analia. "Maisha yote, Mungu wangu."

Taru alikuwa ameisubiri siku hii tangu utotoni, akidhani itakuwa kama maji ya baridi kooni. Haikuwa hivyo. Maneno yalikuwa yamesemwa, na Jaba alikuwa bado amekufa, na mama yake, na shingo ile nene ilikuwa hapo chini, imejaa uhai. Alitaka kisigino. Alitaka kukiweka pale nyuma ya sikio na kuegemea kwa uzito wake wote, na vichwa vya udongo na mikono ya mbao na yote. Aliuinua mguu.

"Nimesema, Mama," Bhabatosh akaomba. "Nivuke. Si kwa ajili yangu, mimi nimekwisha. Kwa ajili ya mjukuu wangu. Mweusi vilevile, Mama. Hana kosa."

Na ada ni ada. Aliyesema huvukwa. Watu walianza kunong'ona hivyohivyo: kasema, avukwe, tuondoke juani. Taru alijua. Mguu wake ulikuwa juu ya mgongo wa yule mtu, na kuna njia mbili tu za kuushusha, na zote mbili zilimwuma. Akimkanyaga, Mama wa watu wote atakuwa amempiga mzee aliyetubu. Akimvuka, Bhabatosh ataondoka na baraka, kana kwamba Jaba mwenyewe amemsamehe.

Hapo kundi likapasuka akatoka Mallika. Alikuwa ameshika chungu cha maji ya kumnywesha babu yake. Akakiweka chini, akachutama karibu na kichwa chake.

"Babu," akasema, "ulimfanya nini huyo dada?"

"Mallika, nenda nyumbani."

"Nasikia ulimfuta shavu mbele za watu. Ni kweli?"

Bhabatosh akaugeuza uso upande wa pili.

"Wale watu wa Bordhoman waliokuja kunitazama, walipolowesha kitambaa wakanifuta mimi, uliwatoa nje na fimbo. Ulilia. Uliniambia hao si watu, wamezaliwa na mbwa. Mimi nilikuamini, babu."

"Mtoto wangu, nimelala hapa kwa ajili yako..."

Mallika akasimama. Alikuwa mrefu, mweusi kama usiku usio na mwezi, na alimtazama Mama usoni, jambo ambalo watu hawalifanyi.

"Usimvuke," akasema. "Shida ni yangu, na mimi ndiye nakataa. Nikikosa bwana nitakosa. Sitaki anayepatikana kwa mgongo huu."

Taru akaushusha mguu. Aliushusha kwenye vumbi, pembeni ya kichwa cha Bhabatosh, si juu yake. Akamzunguka. Akafika kwa yule mwanamke tasa, akamvuka, na Kanai akaipiga ngoma kwa nguvu ambayo hatujaisikia tena tangu siku ile. Msafara ukafuata, na kila mtu alipofika kwa mwenyekiti alipita pembeni, kama unavyokwepa tope. Mallika alikiokota chungu chake cha maji, akawa anawanywesha waliolala nyuma, mmoja baada ya mwingine.

Yule mzee alibaki kifudifudi, macho amefumba, mikono mbele, anausubiri mguu. Hakuna aliyemwambia kwamba tumeshapita.